Nani Aliyeipeleka Denmark Vitani?

Mwezi huu nataka kusema nanyi habari za mchezo mmoja wa televisheni uitwao "1864". Mchezo huu ulitengenezwa na DR, shirika la utangazaji la Denmark, ukaonyeshwa huko mara ya kwanza mwezi wa Oktoba 2014. Una sehemu nane, na mtungaji wake, ambaye ndiye aliyewaongoza wachezaji pia, ni Ole Bornedal. Mwaka uliofuata ulionyeshwa Uingereza, maneno ya Kiingereza yakiandikwa chini ya picha, nami niliutazama kwa namna hiyo jioni nane mfululizo nyumbani mwa mwalimu mwenzangu, pamoja na watoto wake wawili wakubwa na jirani mmoja fundi seremala. Jirani huyo hajui Kiingereza, hivyo sisi wengine tulikuwa tukimfasiria kwa zamu.

Picha ya mwisho ilipozimika, fundi alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Mwalimu, basi yule askofu alikuwa na wazimu. Lakini wale waliompigia makofi, wao walikuwa na nini?"

Sikuweza kumjibu usiku ule. Nimelifikiri swali lake siku nyingi, nikaona ya kuwa limegusa mahali palepale ambapo mchezo huu una nguvu zake, na ambapo pia unapungukiwa.

Kwanza yafaa tujue mambo yenyewe yalivyokuwa, maana mtu asiyeyajua atapotea katika sehemu mbili za mwanzo, kama nilivyopotea mimi. Denmark ni nchi ndogo kaskazini mwa Ulaya. Zamani zile mfalme wake alikuwa pia mtawala wa nchi za kusini, Schleswig na Holstein, pamoja na kipande kidogo kiitwacho Lauenburg. Watu wa Holstein walikuwa wakisema Kijerumani. Watu wa Schleswig walichanganyika, wa kaskazini wakisema Kidenmark na wa kusini Kijerumani. Ilikuwa kama mtu aliyerithi shamba kwa upande wa mama, na wajomba wangali hai, na macho yao hayaondoki mpakani. Vita vya kwanza kwa ajili ya shamba hilo vilipiganwa tangu 1848 hata 1851. Denmark haikushindwa, maana mataifa makubwa hayakutaka mambo yageuke. Na katika mapatano ya miaka ile mfalme aliahidi kutoifunga Schleswig na ufalme wake zaidi ya alivyoifunga Holstein.

Mwezi wa Novemba 1863 ahadi hiyo ilivunjwa. Baraza la Copenhagen lilipitisha katiba mpya iliyoziweka Denmark na Schleswig pamoja na kuiacha Holstein nje. Mfalme Frederik wa Saba akafa tarehe 15, kabla hajaitia sahihi. Mfalme mpya, Christian wa Tisa, aliona hatari iliyomo akasitasita, lakini watu wa mji walikuwa barabarani, na wakubwa wa mji walimsihi. Tarehe 18 akatia sahihi. Huko Berlin, Bismarck, waziri mkuu wa Prussia, alikuwa ametafuta mlango wa kuingilia, na sasa aliufunguliwa na mwenye nyumba mwenyewe. Tarehe 1 Februari 1864 majeshi ya Prussia na Austria yalivuka mto Eider.

Mambo yaliyofuata twayaona katika mchezo kwa uzuri mkubwa. Wadenmark walikuwa wakiutumainia ukuta wa kale uitwao Danevirke, ambao watoto wao walifundishwa shuleni ya kuwa ndio kifunga mlango wa nchi. Lakini baridi ilikuwa kali, maji na madimbwi yaliyoulinda ukuta ule pande mbili yakaganda barafu, na jeshi lilikuwa dogo mno kuujaza. Jemadari de Meza akaamuru waondoke usiku wa tarehe 5 Februari, wakiiacha mizinga yao mizito nyuma. Waliliokoa jeshi, na jemadari akalipwa kwa kuondolewa kazini, maana watu wa Copenhagen, waliokuwa wamekaa karibu na moto majumbani mwao, waliona aibu. Wakaenda Dybbøl, mahali penye maboma kumi ya udongo juu ya kilima, bahari nyuma yao. Huko walikaa wakipigwa kwa makombora hata tarehe 18 Aprili. Siku hiyo mizinga ilianza alfajiri, na saa nne ya asubuhi ikanyamaza ghafula, ndipo Waprussia wapata 10,000 walipotoka mahandakini mwao wakikimbia. Siku ile moja Wadenmark walipoteza watu wapata 4,800, waliouawa na waliojeruhiwa na waliotekwa. Waprussia wapata 1,200.

Mtungaji hakuvificha vita kwa nguo nzuri. Nimetazama picha nyingi za vita ambamo mtu hupigwa risasi akaanguka kama aliyelala. Humu mtu akipigwa huvunjika, hulia, humwita mama yake, na mwenzake aliye karibu hana la kufanya kwa kuwa naye anashindilia bunduki yake. Na katika kushindilia huko mna jambo ambalo wasomaji wetu wa vijijini watalifahamu upesi kuliko watu wa mijini. Bunduki za Wadenmark zilikuwa za kujazwa kwa mdomoni, kama magobore ya wawindaji wetu; mtu hana budi kusimama, amimine baruti, ashindilie, ndipo alenge. Waprussia walikuwa na bunduki za kujaziwa nyuma, hata mtu aliyelala kifudifudi aweza kupiga mara kadhaa huku mwenziwe akingali amesimama wazi na mti wa kushindilia mkononi. Hakuna hotuba ya Copenhagen iliyolitaja jambo hilo. Mchezo nao haulitaji kwa maneno mengi, ila waonyesha vijana wanaosimama, na wanaoanguka kwa sababu wamesimama.

Tena nimependa jinsi ulivyoonyesha kungoja. Wale ndugu wawili, Laust na Peter, ambao mchezo huwafuata tangu utoto wao shambani katika kisiwa cha Funen, hawafanyi makubwa muda wote waliopo Dybbøl. Wanachimba udongo, wanajificha, wanakula kidogo, wanahesabu makombora. Baba yao alijeruhiwa katika vita vya kwanza akarudi nyumbani na jeraha lisilopona, hata likamwua. Kwa hiyo hawakwenda vitani kwa kutojua. Walikwenda kwa sababu walimu wao, na nyimbo, na magazeti, vyote vilisema ya kuwa kijana mwema huenda. Mimi niliye mwalimu nilitazama sehemu ya darasa kwa haya kidogo. Mwalimu wao awaambia watoto ya kuwa taifa lao limeteuliwa, na watoto wanamtazama kwa macho yaleyale ambayo watoto wetu hututazama nayo tunapowaambia jambo lolote.

Huo ndio ushujaa wa mchezo huu, na sharti nimpe mtungaji haki yake. Aghalabu nchi ndogo ikishambuliwa na kubwa, husimulia habari zake hivi: sisi tulikuwa tumekaa kwa amani, mwenye nguvu akaja. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Bornedal amekataa kuivuta. Amewaambia watu wa nchi yake, kwa fedha zao wenyewe, ya kuwa adui alikuja kwa kuwa alitaka kuja, lakini ninyi ndinyi mliomwita. Nasema kwa fedha zao, maana Bunge lilikuwa limetenga kroner 100 milioni kwa mchezo wa historia, na gharama yote ilifika kroner 173 milioni, kiasi ambacho hakikuwahi kutumika Denmark kwa mchezo wa televisheni. Baadhi ya wanasiasa waliopenda mambo ya taifa yasifiwe walikasirika. Watu zaidi ya milioni moja na nusu walitazama sehemu ya kwanza, katika nchi yenye watu wapata milioni tano na nusu.

Sasa naja kwenye swali la fundi seremala.

Mtu aliyebebeshwa mzigo wa vita katika mchezo huu ni Ditlev Gothard Monrad. Alikuwa kasisi, akawa askofu wa Lolland na Falster tangu 1849 hata 1854, kisha waziri, na tarehe 31 Desemba 1863 akawa mkuu wa serikali. Nicolas Bro anamcheza kwa ufundi wa ajabu, mwili mzito, macho yanayowaka na kuzimika, sauti inayopanda hata mtu aogope. Lakini tazama jinsi alivyochorwa. Mara analia, mara anacheka peke yake, mara analala sakafuni. Anamwendea mchezaji mashuhuri wa jukwaani, Bibi Johanne Luise Heiberg, amfundishe jinsi ya kusimama na kusema ili maneno yake yawashike watu; na bibi huyo amtia moto mpaka asijione tena kuwa mtu wa kawaida. Mambo hayo ya mafundisho ni ya mtungaji mwenyewe. Anapofika barazani hahutubii kama waziri, bali ahubiri taifa kama mtu ahubirivyo dini, na umati mbele yake unalewa.

Mimi simteteei Monrad. Wako waandishi waliosema ya kuwa alikuwa na ugonjwa wa roho kupanda na kushuka, na huenda ndivyo. Lakini ukimfanya mtu kuwa mwenda wazimu, umewafungulia wengine wote. Mtazamaji wa Copenhagen ajilaza usiku akisema moyoni, "Babu zangu walidanganywa na mgonjwa." Basi mchezo uliokusudiwa kuwashtaki watu wote umemshtaki mmoja, na yule mmoja hana akili timamu, kwa hiyo hata yeye hahukumiwi. Mwisho wake shtaka limeanguka.

Historia yenyewe ni kali kuliko mchezo. Ile katiba ya Novemba 1863, iliyovunja ahadi na kufungua mlango, haikupitishwa chini ya Monrad. Mkuu wa serikali wakati ule alikuwa Carl Christian Hall, mwanasheria, mtu mpole na mcheshi, aliyependwa na watu, ambaye hakuna aliyemwita mwenda wazimu. Monrad alikuwa mmoja wa mawaziri wake. Hall alipoona mambo yamemzidi, na mfalme akitaka katiba iondolewe, alijiuzulu mwishoni mwa Desemba. Na Monrad akakikalia kiti ambacho wengine hawakukitaka, huku moto umekwisha kushika paa. Waliopiga kura barazani walikuwa watu wazima wenye elimu. Walioandika katika magazeti walikuwa wenye elimu. Walioshangilia barabarani hawakuwa wamelewa pombe. Fundi wetu aliyaona haya bila kusoma kitabu: wapigaji makofi walikuwa na akili zao zote.

Tena yuko Monrad mwingine ambaye mchezo hautuonyeshi ipasavyo. Mtu huyu ndiye aliyekuwa na mkono mkubwa katika kuandika sheria ya msingi ya 1849, iliyomwondolea mfalme utawala wa peke yake na kuwapa watu wengi wa Denmark haki ya kuchagua wajumbe wao, katika wakati ambapo nchi nyingi za Ulaya hazikuwa na jambo kama hilo. Laiti mtungaji angalituonyesha mtu huyo kwanza, akiwa mezani na kalamu, mwenye busara, mpenda uhuru. Kisha akatuonyesha mtu huyohuyo, bila ugonjwa wowote, akiingia katika kosa hatua kwa hatua kwa sababu kila hatua ilipigiwa makofi. Tungaliogopa zaidi. Mtu mwema aliyepotea pamoja na watu wema wengine humtia mtazamaji wasiwasi juu ya nafsi yake. Mwenda wazimu humtia mtazamaji kicheko.

Kosa lake kubwa hasa lilikuja baada ya Dybbøl, na hapo hahitaji kusingiziwa. Mataifa makubwa yalikutana London tangu Aprili hata Juni 1864, na mapigano yakasimamishwa. Njia moja iliyonenwa huko ilikuwa kuigawanya Schleswig, Denmark ibaki na sehemu ya kaskazini. Hawakupatana juu ya mpaka, na serikali ya Monrad haikukubali kupungua tena. Muda wa mapatano ukaisha, mapigano yakaanza upya, na usiku wa kuamkia tarehe 29 Juni Waprussia walivuka mlango mwembamba wa bahari kwa mashua wakakitwaa kisiwa cha Als. Mkataba ulipotiwa sahihi Vienna tarehe 30 Oktoba, Denmark ilipokonywa Schleswig yote na Holstein yote na Lauenburg, yaani theluthi moja ya ardhi yake na watu wapata milioni moja. Miongoni mwao walikuwamo wapata 200,000 wasemao Kidenmark, ambao tangu siku ile walikuwa raia wa kigeni nyumbani kwao. Mazungumzo haya ya London ndiyo kiini cha mambo. Mchezo umeyapa nafasi ndogo, na nafasi iliyobaki umempa msichana na wapenzi wake.

Hao watu 200,000 ndio ninaowasikitikia kuliko wote, nao katika mchezo hawana sauti. Wakulima wa Schleswig hawakuandika katiba, wala hawakushangilia Copenhagen. Miaka hamsini baada ya Dybbøl, vita vikuu vya 1914 vilipoanza, vijana wao wapata 30,000 walivalishwa nguo za jeshi la Kijerumani, na wapata 5,000 au zaidi hawakurudi. Na hapa msomaji wa Tanga asikilize vizuri. Mwezi wa Aprili 1915 meli ya Kijerumani iitwayo Rubens, iliyojigeuza kuwa meli ya Denmark na kujipa jina la Kronborg, iliingia katika ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, ikileta bunduki na risasi kwa majeshi ya Wajerumani. Ili hila isijulikane njiani, mabaharia wake walichaguliwa miongoni mwa watu wasemao Kidenmark, nao walikuwa watu wa Schleswig. Manowari ya Kiingereza, Hyacinth, ikaikuta na kuipiga, lakini shehena iliyo nyingi iliopolewa. Basi lugha ambayo baraza la Copenhagen lilisema linaitetea mwaka 1863 ilitumika miaka hamsini na miwili baadaye kuwa kinyago cha bendera nyingine, katika pwani yetu. Sehemu ya kaskazini ya Schleswig ilirudi Denmark mwaka 1920, baada ya wenyeji kupiga kura.

Na kwa kuwa nimefika pwani yetu, niongeze neno moja la pembeni. Prussia ilipoishinda Denmark ilikuwa imepanda ngazi ya kwanza tu. Mwaka 1866 iliigeukia Austria, mwenziwe wa jana. Mwaka 1870 ikapigana na Ufaransa. Na mwaka 1871 ikasimamisha dola la Ujerumani. Mfalme yuleyule wa 1864, Wilhelm, ambaye sasa alikuwa Kaisari, na waziri yuleyule Bismarck, ndio ambao Februari 1885 hati ya ulinzi ilitoka kwao kwenda kwa kampuni ya Carl Peters juu ya Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami. Wazee wa Usagara hawakusikia mizinga ya Dybbøl. Bismarck wa mchezo, ambaye Rainer Bock anamcheza akila na kucheka na kupanga, ni mtu ambaye mazungumzo yake ya mezani yaliwafikia hata wao.

Nirudi kwenye mchezo. Mambo madogo nitayapitia upesi. Hadithi yote imewekwa ndani ya hadithi ya siku hizi: msichana aitwaye Claudia, ambaye kaka yake alikufa askarini huko Afghanistan, anapewa kazi ya kumsomea mzee mmoja mwenye cheo daftari la kumbukumbu lililoandikwa na Inge, yule binti aliyependwa na ndugu wote wawili. Nia yake naielewa. Denmark ilipeleka askari Afghanistan, na zaidi ya arobaini walikufa huko. Mtungaji ataka kuuliza kama nchi hiyo imejifunza. Lakini aliuliza na kuondoka. Claudia yuko kwa kununa na kuiba vitu vidogo, na kila tunaporudishwa kwake moto wa hadithi hupoa, hata watoto wa mwenzangu wakawa wanainuka kwenda kunywa maji. Wazazi wake wanaonekana mara chache, na ningalitaka kuwaona zaidi, maana kwao yule kaka si jambo la historia.

Yuko pia askari mzee, Johan, ambaye Søren Malling anamcheza. Huyu aweza kuona mambo kabla hayajatukia, na mikono yake huponya. Watazamaji wengi wamempenda, na mimi sina neno juu ya mchezaji. Walakini katika mchezo unaotaka kutwambia ya kuwa watu walikufa kwa sababu ya maamuzi ya watu, sikuona faida ya kumleta mganga. Kila anapomvuta kijana pembeni sekunde moja kabla ya kombora, ukweli wa kombora unapungua.

Didrich, mtoto wa bwana mwenye shamba, ni habari nyingine. Alirudi kutoka vita vya kwanza akiwa amevunjika ndani, mlevi, mwoga, mkatili kwa walio chini yake. Pilou Asbæk hakumfanya apendeke hata kidogo, na bado tunajua alivyopata kuwa hivyo. Mwenzangu alisema Didrich ndiye mtu wa kweli kuliko wote humo, na nakubaliana naye. Kama Monrad angaliandikwa kwa kalamu iliyomwandika Didrich, fundi wetu hangaliuliza swali lake.

Jambo moja la historia nalitaja kwa kuwa wengi wetu twaijua alama yake. Katika vita hivi vya 1864, kwa mara ya kwanza, wajumbe wa kamati ya Geneva iliyozaa Msalaba Mwekundu walikwenda vitani kuangalia jinsi majeruhi wanavyotunzwa, Louis Appia upande wa Waprussia na Charles van de Velde upande wa Wadenmark. Mwezi wa Agosti mwaka uleule mkataba wa Geneva ulitiwa sahihi. Sehemu zile za mchezo zenye hospitali, meza ya kukatia miguu na ndoo iliyo chini yake, zaonyesha vya kutosha kwa nini mkataba ulihitajiwa. Asiye na moyo mgumu asizitazame baada ya chakula, wala watoto wa chini ya miaka kumi na mitano wasiitwe.

Fundi alipokuja kuniletea kiti nilichompa atengeneze, nilimwambia haya niliyoyaandika. Akayasikiliza yote, kisha akauliza, "Na yule askofu, mwisho wake ulikuwaje?"

Nilimwambia ya kuwa serikali yake ilianguka Julai 1864, na baada ya muda kidogo alichukua mke na watoto akasafiri mpaka New Zealand, upande wa pili wa dunia, akanunua msitu karibu na Palmerston North. Mtu aliyeandika sheria ya nchi na kuipoteza theluthi ya nchi alikuwa akiamka asubuhi kukata miti na kukama ng'ombe pamoja na wanawe. Alikuwa na mkusanyo wa picha za kale zilizochapwa na mafundi wakuu, kama Dürer na Rembrandt, na alipoondoka mwaka 1869 aliwaachia watu wa New Zealand, nazo zimehifadhiwa huko. Wanawe wawili walibaki. Yeye alirudi Denmark, akaanza tena kama kasisi wa kawaida, na mwaka 1871 akapewa tena uaskofu wa Lolland na Falster. Mwaka 1876 akatoa kitabu juu ya sala, ambacho kilisomwa na watu wengi, na mwaka 1887 akafa.

Fundi alikaa juu ya kile kiti, kana kwamba alitaka kukijaribu, akasema, "Mambo hayo ya ng'ombe na kitabu, mbona hatukuonyeshwa?" Nami nasema vilevile. Mtungaji alikuwa na sehemu nane, na moja ingalitosha.